Kabla ya Kuongeza Gesi: Kutafuta Ugonjwa wa AC ya Gari la Zamani Nairobi

Januari ikifika na jua la Nairobi likianza kuchoma, magari ya zamani huanza kuja gerejini na ombi ni lile lile: "Fundi, niongezee gesi ya AC." Nami humuuliza mwenye gari swali moja: ile iliyokuwemo imeenda wapi?

Gesi ya AC haiungui kama petroli, wala haichakai kama mafuta ya injini. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa huisukuma ikiwa moto na yenye presha kubwa hadi kwenye kondensa, ile iliyo mbele ya redieta. Hapo inapoa na kuwa maji, yaani gesi iliyoyeyuka, si maji ya bomba. Inapita kwenye draya, inayonyonya unyevu na kushika takataka, halafu inafika kwenye vali ndogo iliyo nyuma ya dashibodi. Ikishapenya tundu la vali hiyo presha inaanguka, inachemka ndani ya evaporeta, na kule kuchemka ndiko kunakovuta joto la hewa inayokupuliza usoni. Kisha inarudi kwa kompresa na kuanza safari upya. Ni kweli kwamba mipira mikuukuu na sili ya shafti ya kompresa hupitisha kidogo sana mwaka hadi mwaka. Lakini gari linalotaka gesi kila baada ya miezi michache lina tundu, na ukilijaza bila kuziba tundu, unanunua gesi ya kumwaga hewani. Tena mara nyingi gesi imo yote, na ugonjwa uko kwingine kabisa.

Nawaandikia wenye magari haya, na fundi kijana aliyenunua geji zake za kwanza, yaani vipima presha vya AC.

Lina gesi gani?

Magari ya kabla ya 1992 hivi yalijazwa R12. Kati ya mwaka huo na 1995 watengenezaji wakahamia R134a. Kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, magari ya R12 tunayoyashika leo ni yaliyoingia au kuunganishwa nchini zamani: Peugeot 504, Mercedes za W123, Corolla za AE90, Nissan Sunny B12, Land Cruiser za 60.

Usitegemee mwaka peke yake. Tazama nipo za kujazia, vile vidomo vya mabomba ambako geji huunganishwa. Za R12 zina nyuzi za skrubu, na kiunganishi chake hufungwa kwa kuzungusha. Za R134a hazina nyuzi kwa nje, kiunganishi hukaa kwa kubanwa. Ya laini ya presha ya chini ina upana wa milimita 13, ya presha ya juu 16, ili usikosee upande. Ukikuta nipo ya nyuzi imevishwa adapta, ujue mtu alishabadilisha gesi. Kazi yako sasa ni kujua kama alibadilisha kitu kingine chochote zaidi ya adapta.

R12 ina klorini inayokula tabaka la ozoni, ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiondoa, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi 2010 kuiacha kabisa. Sekretarieti ya mkataba huo iko hapa hapa Nairobi, Gigiri. Kwa hiyo R12 iliyobaki kwenye gari haifunguliwi ikavuma hewani. Inavutwa kwa mashine na kuhifadhiwa mtungini. R134a haili ozoni, lakini kilo moja ikitoka hupasha dunia joto kuliko tani nzima ya kaboni dioksidi. Nayo pia huvutwa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeiona ikiachiwa mara nyingi mno, na haichukui zaidi ya dakika chache kufanya kazi ipasavyo.

Inapuliza vuguvugu, wala haishuki zaidi

Anza na kitu kisichohusu gesi: hita. Magari mengi ya miaka ya themanini yana vali ya maji ya hita inayovutwa kwa kebo. Kebo hushika kutu, vali inabaki wazi nusu, na maji ya injini yenye joto la nyuzi 90 yanaendelea kupita nyuma ya dashibodi. AC inapoza hewa, hita inaipasha tena, na wewe unahukumu gesi.

Injini ikiwa moto na kidhibiti kikiwa kwenye baridi kabisa, gusa kwa uangalifu mpira wa hita baada ya vali. Ukiwa moto, maji yanapita. Ubane kwa koleo la mpira lisilo na meno. Baridi ikija ndani ya dakika tano, umepata jibu na hujafungua hata nati moja ya AC. Niliwahi kupokea Corolla iliyokuwa imeongezewa gesi mara mbili kwingine kwa ugonjwa wa kebo. Ilipofika kwangu ilikuwa na magonjwa mawili: kebo, na gesi iliyozidi.

Klachi haishiki

Washa injini, washa feni ya ndani, bonyeza AC. Sikiliza: "tak", ndiyo klachi inayoiunganisha kompresa na puli yake. Tazama sahani ya mbele ya kompresa. Izunguke pamoja na puli, isisimame huku puli ikizunguka peke yake. Isiposhika, angalia fyuzi, rilei na mkanda. Kisha zima injini na uunganishe geji.

Gari lililolala kivulini, hewa ikiwa nyuzi 20, geji zote mbili za R134a hapa Nairobi zisome karibu psi 70 (psi ni kipimo cha presha). Nyuzi 15, karibu 59. Nyuzi 25, karibu 84. Zikisoma 30 au 10, gesi imekwisha, na swichi ya presha ya chini inafanya kazi iliyowekewa: inaizuia kompresa isizunguke kavu, kwani mafuta ya kompresa husafirishwa na gesi yenyewe. Wapo wanaoichomoa soketi ya swichi hiyo na kuunganisha waya mbili ili klachi ishike kwa nguvu. Nakusihi usifanye hivyo. Kompresa hujisaga, chembe za chuma huenda hadi kwenye kondensa na vali, na gari lililohitaji oringi moja, pete ndogo ya mpira ya kuzibia kiungo, sasa linahitaji kila kitu.

Geji zikisoma 70, usishangilie. Hiyo haisemi gesi ni nyingi. Ni kama mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 6: moto wa jiko unawaka vile vile ukiwa umejaa au umebaki robo, na mama wa nyumba akitaka kujua kilichobaki huunyanyua kupima uzito. Maadamu kuna tone la gesi katika hali ya maji ndani ya mabomba, presha hufuata joto, si wingi. Gramu 200 na gramu 700 husoma sawa gari likiwa limezima.

Kama presha ipo na klachi haishiki, rudi kwenye umeme. Koili ya klachi nyingi husoma kati ya omu 3 na 5. Kisha pima nafasi kati ya sahani na puli. Kwa kawaida ni kama milimita 0.3 hadi 0.6. Klachi inayoshika asubuhi na kukataa saa nane mchana kwenye joto, mara nyingi nafasi hiyo imepanuka kwa kuchakaa. Unafungua sahani, unatoa washa moja nyembamba, unarudisha. Hakuna gesi iliyohusika.

Baridi ukienda, joto ukisimama

Huu ndio ugonjwa wa Nairobi hasa. Thika Road ukiwa kwenye 80 unasikia baridi hadi vidoleni. Ukifika Pangani foleni inakaza, na dakika kumi baadaye unafungua dirisha. Hewa haipiti kwenye kondensa. Gari likienda, upepo wa barabara hufanya kazi ya feni. Gari likisimama, feni ndiyo tegemeo, nayo ama imekufa, ama inazunguka kivivu, ama kifuniko chake cha plastiki kilivunjika na hakikurudishwa.

Jaribio lake ni rahisi, nalo nalipenda kwa sababu halidanganyi. Gari likiwa linaunguruma mahali pamoja, geji zikiwa zimeunganishwa na AC imewashwa, mwagia kondensa maji ya kopo taratibu. Geji ya juu ikianguka, tuseme kutoka psi 300 hadi 200, na baridi ikarudi ndani, gesi haina kosa. Tafuta feni na uchafu.

Uchafu wenyewe haupo pale unapoutazama. Sehemu ya mbele ya kondensa inaweza kung'aa. Mwezi wa Novemba nilifungua 504 iliyokuwa ikiegeshwa kila siku chini ya mijakaranda. Tuliposogeza redieta nyuma, kati yake na kondensa kulikuwa na kitu kama blanketi: maua ya jakaranda yaliyokauka, vumbi jekundu na mafuta, vimeshikana hadi nikavibandua kwa mkono kipande kizima. Tulisafisha kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka nyuma kuja mbele. Usitumie mashine ya kuoshea magari yenye nguvu. Inalaza mapezi ya kondensa na kuziba njia uliyotaka kuifungua.

Feni ikiwa nzima na kondensa safi, lakini geji ya juu bado inapanda, basi ama gesi imezidi ama kuna hewa ndani. Zima gari, liache lipoe kabisa, usome tena. Ikiwa ni nyuzi 20 na geji inasema 90 badala ya 70, humo ndani kuna hewa au gesi nyingine iliyochanganywa. Huwezi kuitoa kwa kufungua nipo kidogo kidogo. Vuta gesi yote, fyonza hewa kwa pampu, jaza upya kwa uzito.

Klachi inashika na kuachia kila sekunde chache

Tazama geji wakati ule ule inapoachia. Upande wa chini ukiwa umeporomoka, gesi ni kidogo, au vali imeziba. Upande wa juu ukiwa umepanda kupita 350, presha imezidi na swichi ya juu inaokoa mabomba yasipasuke. Ni dalili moja yenye tiba mbili zinazopingana, na anayeongeza gesi bila geji ana nafasi sawa ya kuponya na kuua.

Hapa pia ndipo kioo kidogo cha draya kinapowaponza watu. Kwenye R12, mapovu kwenye kioo yalimaanisha gesi imepungua. Unajaza hadi kioo kiwe safi, unaacha. Mafundi wa zamani walijifunza hivyo na walikuwa sahihi. Kwenye gari lililohamishiwa R134a kanuni hiyo haifai. Mapovu machache yanaweza kuwepo gesi ikiwa kamili, na mafuta ya zamani yaliyobaki hukifanya kioo kiwe na rangi ya maziwa. Ukijaza hadi kioo kiwe safi, umeshazidisha. Baada ya kubadilisha gesi, sahau kioo, shika mizani.

Baridi inakuja, inaondoka, inarudi yenyewe

Weka mkono kwenye tundu la dashibodi baridi inapopotea. Je, upepo umepungua, au upepo uko vile vile ila ni wa joto?

Upepo ukiwa umepungua, barafu imeganda nje ya evaporeta na kuziba njia ya hewa. Kipima joto cha evaporeta kimeacha kuizima kompresa kwa wakati, au feni ya ndani ni dhaifu. Hutokea sana wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu mwingi.

Upepo ukiwa na nguvu lakini wa joto, na geji ya chini imezama chini ya sifuri, barafu iko ndani. Tone la maji limeganda kwenye tundu la vali na kuifunga njia. Ukizima AC dakika kumi barafu inayeyuka, baridi inarudi, kisha mchezo unaanza tena. Mtu alifungua mabomba akayaacha wazi, labda siku nzima ya mvua ya Aprili, bila kuyaziba hata kwa nailoni. Draya imeshiba. Dawa ni draya mpya na kufyonza kwa muda wa kutosha.

Geji ya chini ikiwa juu, tuseme 65, na ya juu ikiwa 110 tu, na hata ukipandisha mizunguko ya injini hazitengani, kompresa imechoka ndani. Maji yanayolowesha zulia miguuni mwa abiria ni tundu la kutolea maji ya evaporeta lililoziba. Lizibue kwa waya laini. Harufu ya uvundo ni uchafu juu ya evaporeta. Yote mawili hayana uhusiano na gesi.

Kutafuta tundu

Macho kwanza. Gesi inapotoka hutoka na mafuta kidogo, na vumbi la Nairobi hushika mafuta hayo. Pitisha tochi kwenye kila kiungo. Mahali ambapo bomba ni kavu na lenye vumbi jepesi, kisha ghafla pana doa jeusi lenye unyevu na vumbi limekuwa uji, hapo pana neno. Anza na vali ndogo ndani ya nipo zenyewe, kisha sehemu ya chini ya kondensa inayopigwa na mawe, viungo vya mipira, na sili ya mbele ya kompresa. Paka povu la sabuni. Pasipoonekana, tumia rangi ya kugundulia na taa yake, gari likatembee siku mbili, urudi usiku uangalie.

Mfumo mtupu hupimwa kwa nitrojeni kavu, yenye regyuleta, isizidi psi 150. Usitumie hewa ya kujazia magurudumu, kwani inaingiza maji. Usitumie oksijeni ya kuchomelea hata kwa dharura: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka.

Sili ya shafti ina maadui wawili, umri na Julai. Mji ukipoa kuanzia Juni hadi Agosti, watu huizima AC miezi mitatu, mafuta yanashuka chini ya kompresa, sili inakauka na kuanza kupitisha. Washa AC dakika kumi kila wiki hata asubuhi ya baridi. Kioo cha mbele kitaondokewa na ukungu pia.

Mshale uliogoma kwenye 24

Alikuja kwetu kijana mmoja, fundi hodari, aliyejifunzia kazi Mombasa. Siku yake ya kwanza alipewa Sunny iliyowekwa oringi mpya. Akaunganisha pampu ya kufyonza. Mshale wa geji ya chini ukateremka chini ya sifuri, ukafika inchi 24 za zebaki, ukagoma. Akakaza viungo. Ukagoma. Akafungua akabadilisha oringi moja baada ya nyingine. Saa sita mchana nilimkuta amechuchumaa kando ya gari, jasho linamtoka, pampu bado inanguruma.

"Fundi, hii gari ina tundu silioni. Kule kwetu mshale unafika karibu na 30."

"Kule kwenu ni baharini, kaka. Hapa tuko mita 1,700 juu."

Geji haipimi utupu wenyewe. Inapima tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa ya nje. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa, uzito wake ni inchi 24 na nusu hivi za zebaki, wakati ufukweni ni karibu 30. Hata ukitoa hewa yote hadi chembe ya mwisho, geji ya Nairobi haiwezi kuvuka 24 na kitu. Gari lake lilikuwa zima tangu saa tatu. Vitabu vingi vya ufundi vinavyoagiza "inchi 29" viliandikwa kwa watu wa usawa wa bahari, na fundi asiyejulishwa hilo hufukuza tundu ambalo halipo, au vibaya zaidi, anaamini 22 inatosha kwa sababu "ndiyo inavyofika hapa".

Haitoshi. Kufyonza ni kukausha: presha ikishuka vya kutosha, maji yaliyomo huchemka hata bila moto na kutoka kama mvuke. Hewa ikiwa nyuzi 25, hapa maji hayaanzi kuchemka ndani ya bomba hadi mshale upite kama 23 na nusu. Kati ya hapo na mwisho wa safari ya mshale ni upana wa unywele tu. Asubuhi ya Julai, chuma kikiwa nyuzi 12, hata unywele huo unabanwa, kwa hiyo washa injini kwanza boneti ipate joto, ndipo uzime na kufyonza. Mimi hufyonza saa nzima. Kisha nafunga vali, nazima pampu na kusubiri dakika ishirini. Mshale ukitulia, endelea. Ukipanda kidogo kisha ukasimama, bado kuna unyevu. Ukipanda bila kukoma, kuna tundu la kweli.

Kuhama kutoka R12

Kuongeza R134a juu ya R12 iliyobaki si kuhama. Gesi hizo mbili zikichanganyika hutoa presha kubwa kuliko kila moja peke yake, na hakuna mtungi safi utakaoipokea siku ya kuivuta.

Kikwazo kikubwa ni mafuta. Mafuta ya madini ya R12 hayachanganyiki na R134a. Gesi inazunguka, mafuta yanabaki yamelala kwenye evaporeta, kompresa inakauka. Kwa hiyo, baada ya kuvuta R12, ng'oa kompresa, ipindue, zungusha shafti kwa mkono hadi imwage, na uyapime uliyoyapata. Yakiwa meusi kama oili ya gari la mizigo, au yakimeta chembe ndogo, kompresa hiyo inakufa. Usiifungie kazi mpya. Safisha kondensa na evaporeta kwa kemikali ya kazi hiyo na uzipulizie nitrojeni. Usisafishe kwa petroli. Vali na draya visipitishiwe kemikali.

Mafuta mapya nashauri yawe ya esta. PAG ndiyo ya kiwandani kwa R134a, lakini inanyonya unyevu upesi na haielewani na mabaki ya mafuta ya madini, ambayo huwezi kuyamaliza yote. Esta huyavumilia.

Badilisha draya bila mjadala. Chembe za kunyonya unyevu za R12, aina ya XH-5, huharibiwa na R134a. Ukinunua Kirinyaga Road, soma kama imeandikwa XH-7 au XH-9. Weka oringi mpya zinazokubali R134a, uzipake mafuta ya kompresa kabla ya kufunga. Rangi ya kijani si ushahidi wa kutosha, uliza nyenzo. Mipira ya zamani iliyo laini bila nyufa mara nyingi hustahimili, kwa sababu ukuta wake umelowa mafuta miaka yote. Ukinunua mipya, dai ya R134a. Gari lisilo na swichi ya presha ya juu, liwekee.

Je, kondensa nayo? R134a hupandisha presha ya juu zaidi kwenye kondensa ile ile. Nairobi inakusaidia, kwa sababu mchana wetu mwingi hauvuki nyuzi 28, na kondensa asilia ikiwa safi na yenye feni nzuri inatosha. Lakini mwenye gari anayeteremka pwani kila Desemba mwambie ukweli: akifika Mtito Andei saa saba mchana ataiona tofauti. Huyo muwekee kondensa ya kisasa ya mirija bapa au feni ya pili.

Kujaza, na mtungi wenyewe

Kiasi cha R134a ni kama asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12 ulioandikwa. Gari la gramu 800 litachukua kati ya 640 na 720. Anza na 640, weka mtungi kwenye mizani, ongeza gramu ishirini ishirini huku ukitazama geji. Injini ikiwa inaunguruma, vali ya juu ya geji ibaki imefungwa. Ukiifungua, presha ya kompresa inarudi mtungini, na mtungi unaweza kupasuka. Mtungi usimame wima ili itoke gesi, si maji. Vaa miwani na glavu: R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na tone lake jichoni halingoji hospitali.

Kabla ya yote, jaribu mtungi. Uache kivulini usiku kucha, asubuhi pima joto na presha. Nyuzi 20, psi 70 au 71. Ukisoma 120, umeuziwa R22, gesi ya AC za majumbani, kwa jina jingine. Jaribio hili halikamati kila bandia, kwani nyingine huchanganywa makusudi zilingane. Mbaya kuliko zote ni yenye R40 (methili kloridi), ambayo hula aluminiamu na kuzaa kitu kinachowaka kikigusa hewa. Mwaka 2011 kompresa za makontena ya baridi zililipuka na kuua mafundi kwa sababu hiyo. Nunua kwa muuzaji mwenye stakabadhi, bei ikiwa ndogo kupita kiasi ondoka. Gesi ya kupikia ndani ya AC nayo ikataliwe, hata ikipoza: evaporeta iko ndani ya chumba cha abiria, na tundu lake huvujia kwenye miguu ya watoto.

Chomeka kipima joto kwenye tundu la katikati, madirisha yamefungwa, feni ya kati, injini kwenye mizunguko 1,500. Kikishuka hadi kati ya 5 na 10, funga vifuniko vya nipo, vyote viwili, vyenye mpira wake ndani. Kisha bandika karatasi chini ya boneti kwa wino usiofutika: R134a, gramu 680, mafuta ya esta, draya mpya, tarehe. Karatasi ya zamani ya R12 ipige mstari ikisomeka, usiibandue, kwa sababu fundi ajaye atataka kujua gari lilianza na gramu ngapi.